Fimbo ya Kumi na Tano

Nimeogopa vitu vingi maishani. Nilimwogopa jogoo wa nyanya yangu, ambaye alikuwa mkubwa kuliko punda na mwenye roho mbaya kuliko ya punda. Niliogopa mtihani wa hesabu, nilioufanya nikiwa na miaka thelathini na miwili, nimekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la nne, magoti yakigusa masikio. Lakini hofu iliyonipata kwenye shimo la nne la uwanja wetu wa gofu, siku ya mwisho ya mashindano ya timu za wanawake, hofu hiyo ingegawiwa watu wa Nyeri yote, kila nyumba ingepata debe moja na nyingine ikabaki.

Nilikuwa kedi. Kedi ni mtu wa kubeba begi la fimbo za mchezaji, kuutafuta mpira wake ukipotea, na kunyamaza mchezaji akijilaani. Kazi mbili za kwanza nilizijua vizuri. Ya tatu ilinishinda. Wanawake tulikuwa watatu tu kati ya makedi wote, na wanaume walisema kelele yangu ilitosha kujaza nafasi ya wanawake wote ambao hawakuandikwa. Jioni nilipanda hadi mtaa wa Majengo kwenye darasa la ngumbaru, watu wazima kumi na mmoja na ubao mmoja wenye ufa, tukisomea cheti cha kidato cha nne. Masomo mengine niliyala kama chapati. Hesabu ilinila mimi.

Mashindano yenyewe yalileta timu za nchi saba. Wote walikuwa wachezaji wa ridhaa, yaani hawalipwi, wana kazi zao nyumbani. Kila timu ilikuwa na wanawake watatu. Walicheza wote kila siku, lakini zilihesabiwa alama za wawili waliofanya vizuri zaidi, na kwenye gofu aliyefanya vizuri ni yule aliyepiga mikwaju michache. Siku zilikuwa tatu. Timu mbili za kwanza zingekwenda kwenye mashindano makubwa zaidi ng'ambo. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi, na mgeni yeyote aliyekwambia amekuja kuangalia Mlima Kenya alikuwa anakudanganya, maana Mlima wenyewe wiki hiyo ulijifunika mawingu ukakataa wageni.

Siku ya kugawiwa wachezaji, makedi wenzangu walinizunguka.

"Ati umepewa nani?"

"Mwalimu kutoka Tanzania."

"Mwalimu wa nini?"

"Hesabu."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye nyasi zenye umande. "Ngumbaru amefuatwa na shule mpaka kazini! Hiyo ni laana, wewe. Tafuta pasta."

Alikuwa mwalimu wa sekondari huko Moshi, mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, anayetembea polepole kama mtu anayesimamia mtihani. Nilikuwa nimejiandaa kwa Kiswahili chao. Nikasimama wima.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Lakini usiniite madam, dada. Nikiitwa madam najua kuna mtoto amevunja dirisha."

Kwa hivyo nikamwita mwalimu, na hiyo ilinitisha zaidi. Kila akiniuliza umbali wa kufika kwenye bendera, mimi nilisikia swali la mtihani. Siku ya pili mvua ilitufungia ndani ya kibanda cha mabati karibu na shimo la saba. Ilikuwa ile mvua ya Nyeri ambayo hata vyura hutafuta mwavuli. Akaniuliza nasomea nini. Nikamwambia, na nikaongeza kwamba sehemu na desimali ni kazi ya shetani.

"Shetani hana subira hiyo," akasema. Akachukua kadi ya zamani, akageuza upande wa nyuma, akaanza kunichorea shamba na kuligawa kwa watoto wanaogombana. Mvua ilipokatika nilikuwa nimeelewa kitu ambacho walimu watatu walishindwa kuniingizia. Tangu saa ile nilizidi kumwogopa. Mtu mbaya ukimkosea, utajitetea kwamba naye ni mbaya. Mtu mwema ukimkosea utasema nini?

Jioni hiyo ubao wa alama ulionyesha timu moja ya kusini ikiwa mbele yetu wote kwa umbali wa kutoka hapa hadi Kenol, huko njia ya Nairobi. Hao hawakushikika. Vita ilibaki ya nafasi ya pili, kati ya Tanzania na sisi wenyewe, Kenya. Tanzania walikuwa mbele kwa mkwaju mmoja. Na mimi, Mkenya, nilikuwa nimebeba begi la Tanzania.

Sasa lazima nieleze desturi yetu moja. Jumatatu ni siku ya makedi. Wanachama hawachezi, uwanja ni wetu. Lakini kedi hana fimbo kumi na nne kama tajiri. Ana moja, akibahatika mbili, na tunaazimana kama sufuria za harusi. Yangu ilikuwa namba saba, niliyopewa na mzee wa Kihindi mwenye duka la vyuma mjini baada ya mshiko wake kuoza. Niliuviringa upya kwa tyubu ya baiskeli, nikaipenda fimbo hiyo kuliko wanaume wawili niliowahi kuwapenda. Stoo ya klabu hupokea mabegi ya wachezaji tu, haipokei takataka za makedi. Kwa hivyo mvua ikinyesha, kila kedi huchomeka fimbo yake ndani ya begi la mchezaji wake ilale pakavu, na asubuhi huitoa kabla mwenyewe hajafika. Tumefanya hivyo miaka na miaka. Hata msimamizi wa makedi anajua, kwa sababu naye alikuwa kedi.

Ile jioni ya siku ya pili, wachezaji walipomaliza, tuliruhusiwa kupiga mipira michache. Mvua ikarudi. Nikachomeka.

Asubuhi ya mwisho hatukupitia stoo. Tulipangwa mstari, tukapewa vizibao vipya vya njano, tukahubiriwa nidhamu, na mabegi yakaletwa kwa pikapu moja kwa moja hadi mahali pa kuanzia. Sheria inasema mchezaji asiwe na zaidi ya fimbo kumi na nne, na kwetu sisi kedi ndiye huhesabu kabla ya mkwaju wa kwanza. Nilihesabu. Haki ya Mungu nilihesabu, kwa kidole, moja moja: kumi na nne. Nikafurahi, nikafunga zipu. Ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, mwalimu alikuwa nayo mkononi, anafanya mazoezi kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo.

Alicheza na wenzake wawili: mchezaji wa Zambia, na mama mpole wa timu yetu mwenye duka la dawa Karatina. Kwenye gofu mpinzani wako ndiye anayekuandikia kadi, na yule mama wa Karatina ndiye aliyeshika kadi ya mwalimu. Shimo la kwanza lilikwenda vizuri. La pili vizuri. La tatu, mwalimu aliusukuma mpira kutoka mbali kama kutoka Othaya, ukaingia. Nilikuwa natembea kama bibi harusi.

Shimo la nne ni fupi, mpira unavuka bonde. Akaangalia vilele vya miti vinaelekea wapi.

"Nipe saba."

Nikaingiza mkono begini bila kuangalia, na vidole vyangu vikagusa tyubu ya baiskeli.

Mlima, uliojificha wiki nzima, nadhani ulichungulia kidogo unione. Nilihesabu vichwa vya fimbo kwa macho, nikahesabu tena kutoka upande wa pili, nikitumaini kwamba hesabu, ambayo ilikuwa imenidanganya maisha yangu yote, ingenidanganya mara moja zaidi. Kumi na tano.

"Dada? Saba."

Nikampa saba yake. Akapiga. Watu waliokuwa ng'ambo ya bonde wakashangilia, kwa hivyo najua mpira ulitua karibu na bendera. Mimi sikuuona.

"Mbona unatetemeka? Baridi?"

"Baridi, mwalimu."

Tukaanza kuteremka bondeni. Sheria ya fimbo ya ziada niliijua kuliko jina langu: mikwaju miwili ya adhabu kwa kila shimo ulilocheza nayo, isizidi minne kwa siku. Minne! Na walikuwa mbele kwa mmoja. Nikisema, nimewaua. Nisiposema, hakuna atakayejua, ila nitakuwa nimembebesha mwalimu wizi mgongoni bila yeye kujua. Halafu likanijia wazo la tatu, na hilo ndilo lililonikausha mate. Watasema nimetumwa. Kedi Mkenya amemwekea Mtanzania fimbo ya ziada, kisha, bahati nzuri, akaigundua mwenyewe, na Kenya ikapita. Ningekuwa kepteni wao, hata mimi ningejifunga jela.

Njia ya bondeni inapita karibu na ua wa kayaba, wenye miiba minene inayoweza kumeza ng'ombe. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika ile fimbo. Wenzetu walikuwa mbele, wameanza kuvuka daraja. Hakuna aliyegeuka. Ningependa kuandika kwamba nilimwona marehemu mama mbele ya macho yangu, au nilikumbuka mstari wa Biblia. Hapana. Niliogopa mpaka vidole vikakataa kufunguka. Na mimi nikiogopa, mdomo hauna breki.

"Mwalimu. Kuna fimbo yangu humu."

"Yako vipi?"

"Yangu mimi. Namba saba. Niliiweka jana, mvua ilikuwa inanyesha. Ziko kumi na tano."

Alisimama. "Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

Akaja kwenye begi, akagusa kichwa cha kila fimbo kwa kidole kimoja, polepole, midomo ikisogea. "Mwalimu wa hesabu miaka ishirini," akasema, "nimeshindwa kuhesabu hadi kumi na nne." Hakucheka. Mimi nilitaka kukojoa.

"Niitupe kwenye kayaba?" Sijui nani alisema maneno hayo, lakini yalitoka kinywani mwangu.

"Ukiitupa zitakuwa kumi na nne," akasema. "Lakini mashimo matatu nimeyacheza na kumi na tano. Hayo utayatupa wapi?"

Akawaangalia wenzetu darajani. Aliwaangalia kwa muda ambao mimi ningeweza kuzaliwa, kukua na kuzikwa. Kisha akainua mkono.

"Mama! Samahani, subiri kidogo!"

Mama wa Karatina alirudi, akasikiliza, akajishika kichwa. "Woi! Woi, jamani. Si ungenyamaza tu?" Halafu akatazama kadi iliyokuwa mkononi mwake kana kwamba imemuuma. "Pole sana, dada. Lakini sasa umesema, lazima niandike."

Refa akaja na kigari chake. Akasikiliza, akaandika: miwili kwenye shimo la kwanza, miwili kwenye la pili. Akaniamuru niigeuze ile fimbo kichwa chini ndani ya begi, ionekane wazi kwamba haitumiki. Basi mshiko wangu wa tyubu ukabaki umesimama juu katikati ya vichwa vinavyong'aa, kama mkono wa mtu anayezama. Nilitembea nao mashimo kumi na tano. Kila tulipopita, makedi wa vikundi vingine walikodoa macho.

"Wewe, hiyo ni mkia ya nini umebeba?" mmoja akapiga kelele. Siku nyingine ningemjibu mpaka ahame kaunti.

Uwanja wetu una mashimo tisa, unazungukwa mara mbili. Tulipomaliza mzunguko wa kwanza nilijua hapo ndipo atakaponifukuza, kwa maana makedi wengine walikuwa wamesimama hapo bila kazi. Hakunifukuza. Nikaendelea kuogopa. Nilimpa fimbo kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Aliponiuliza umbali, nilitaja, nikajisahihisha, nikajisahihisha tena.

"Unaogopa nini sasa?"

"Mwalimu, mtakosa safari."

"Adhabu imeshaandikwa. Haiandikwi mara mbili. Nipe maji."

Nikampa chupa, na ndipo nikaona maji yanacheza ndani yake. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu. Mpaka hapo nilikuwa nimedhani hofu yote ya uwanja ule ni mali yangu.

Alipiga sabini na nane. Kadi ilisoma themanini na mbili. Mwenzake mmoja alikuwa amecheza vibaya zaidi, kwa hivyo hiyo themanini na mbili ilikuwa lazima ihesabiwe. Tulisimama mbele ya ubao pamoja na watu wengine wote, mwanamume wa alama akipanda ngazi na kushuka, akibandika namba moja kisha kutafuta nyingine kwenye boksi, polepole kama anayepaka msikiti rangi. Kenya ilikuwa ya pili. Tanzania ya tatu, nyuma kwa mkwaju mmoja. Watu wetu wakapiga vigelegele, mama mmoja akarusha kofia. Mimi ndiye niliyekuwa Mkenya pekee aliyekuwa akiomba Kenya ishindwe.

Mkono ulinigusa begani. Alikuwa msimamizi wa makedi.

"Wewe. Unaitwa ndani. Vua kofia."

Kilikuwa chumba kidogo chenye meza moja. Refa alikaa. Mwalimu alisimama karibu na dirisha. Kepteni wa timu yao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujaza kanisa, hakungoja nifunge mlango.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mama. Ni mvua."

"Mvua ilikwambia uweke fimbo kwenye begi letu?"

Nikaeleza desturi yetu. Nilieleza stoo, Jumatatu, sufuria za harusi, tyubu. Msimamizi wa makedi alikuwa anaangalia viatu vyake kama anayetaka kuvinunua.

"Mwamuzi, naomba usikilize," kepteni akasema. "Fimbo ikikaa kimya begini haituumizi. Inatuumiza ikitangazwa. Na aliyeitangaza ni nani? Ni huyu huyu. Mtu aliyetumwa angefanya nini zaidi ya hapo?"

Alikuwa na akili, nakubali. Niliposikia hoja ile hata mimi nilianza kujishuku. Nikafungua mdomo, na maneno, ambayo hayajawahi kuniacha hata nikiwa usingizini, yakaniacha. Refa alinitazama. Nikaona kizibao cha njano kikivuliwa, jina langu likisomwa kwenye kila klabu kutoka Nyeri hadi Nanyuki, na watu wakisema, ni yule, yule aliyewauza wageni.

"Hakutangaza," mwalimu akasema kutoka dirishani.

Wote tukageuka.

"Aliniambia mimi. Tulikuwa wawili tu. Kama ametumwa, angemwambia aliyeshika kadi, naye alikuwa hatua ishirini mbele yetu. Mimi ndiye niliyemwita yule mama."

"Wewe?" kepteni akasema. "Kwa nini?"

"Kwa sababu zilikuwa kumi na tano."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Basi ni wewe uliyetukosesha safari."

"Ni mimi. Begi ni langu, na sikulihesabu."

Nilisikia mwanamume wa alama huko nje akikunja ngazi yake. Refa akauliza kama timu inataka kuandika malalamiko. Kepteni alimtazama mwalimu, akanitazama mimi, akamtazama mwalimu tena, na sikuweza kujua ni nani kati yetu alimkasirikia zaidi. "Hatuandiki," akasema, akatoka bila kufunga mlango.

Kule nje, msimamizi wa makedi alinyoosha mkono, nikamrudishia kizibao.

"Jumatatu nne hutakanyaga uwanja. Na hiyo desturi yenu ife leo."

"Yenu?"

Akajikuna shingo. "Yetu. Ife leo."

Basi dogo la Watanzania lilikuwa limeshawashwa. Fimbo yangu nilishaitoa, nikaiacha imeegemea ukuta wa stoo; begi nikalibeba hadi kwenye mlango wa nyuma, na kabla sijaliinua, kepteni alishuka, akashika mkanda.

"Lete hapa."

Sikuachia. Sio ujasiri, vidole vyangu vilikuwa na tabia yao siku hiyo. Wachezaji wenzao walituangalia kupitia kioo, na mmoja alikuwa amelia, macho mekundu. Nilitamani ardhi ya Nyeri, yenye rutuba yote hiyo, inimeze angalau mpaka mavuno.

Mwalimu alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi ya basi. Akarudi chini.

"Mwache apakie," akamwambia kepteni. "Kazi yake haijaisha."

Kepteni alishikilia mkanda kwa muda wa kuivisha githeri, mahindi na maharagwe makavu. Kisha akauachia, akaingia, akaketi mbele akitazama barabara.

Nikalipakia begi. Nikafunga mlango wa nyuma, na nikakishika kitasa kwa mikono yote miwili mpaka basi lilipoanza kusogea.